Kuufuata Mwisho wa Mwinyi Kombo

Safari hii niliifunga kwa ajili ya baba. Anaumwa kifua, hashuki ghorofani Michenzani, na kila akiletewa dawa hudai mwisho wa hadithi ya Mwinyi Kombo. Utotoni kila ikisimuliwa, usingizi ulimchukua kabla haijesha. Anayeujua ni dada yake tu, Bi Mize wa Kizimkazi, na hawajasemezana miaka kumi.

"Nenda wewe," alinambia. "Mie siendi."

Asubuhi, Mlandege. Nilinunua haluwa ya kumlainisha shangazi, nikapanda gari. Njia nzima nilisinzia. Kila nikifumbua macho naona migomba tu, nikayafumba tena.

Saa sita, Kizimkazi. Shangazi alinikunjulia uso mpaka nilipotaja hadithi.

"Mchana haisimuliwi. Wataka uote pembe?"

"Baba mgonjwa, shangazi."

Akainuka. Kisha akafunga madirisha yote, chumba kikawa kiza.

"Haya, kushakuchwa. Paukwa!"

"Pakawa."

Mwinyi Kombo alizaliwa katika ukoo mkubwa wenye chungu kitupu. Akaingia bahari nyeupe kama tui, ambamo nyangumi hubeba taa na visiwa huhamahama. Bahari ikamwambia: nipe jina la mtu wako, nikupe kisiwa. Akatoa la rafiki, akapata misitu ya karafuu. Akatoa la mjomba, akapata merikebu mia. Kwenye kisiwa cha saba wafalme walimshikia viatu. Likabaki jina la dada yake. Akarudi kwao, akapiga hodi tatu mlangoni. Kimya. Basi akalitoa na hilo, akatawala maji yote, asiwe na wa kumwita.

"Dada hakuwapo?" niliuliza.

"Alikuwamo." Akaugeukia mlango wake. "Kaudhika, akingoja ya nne."

Kwetu hodi hazizidi tatu, hata mtoto anajua. Nilitamani kulia.

Alasiri, Michenzani. Baba alinisikiliza kafumba macho, nikadhani kalala. Nilipofika mwisho akaketi.

"Mize kasema alikuwamo?"

"Ndivyo alivyosema."

"Nami nilimpigia hodi tatu nikaondoka, miaka yote nikijua nyumba ilikuwa tupu!" Akatafuta kofia. "Nikodie gari."

Magharibi, Kizimkazi tena. Siku hiyo nilijifunza kwamba adabu nayo yaweza kutenga ndugu. Baba aliegemea bega langu, akapiga hodi tatu. Kimya. Nilimshika mkono tuondoke, kama ilivyo ada, akauchomoa.

"Hodi, Mize!"

Hata hajamaliza jina, mlango ulikuwa wazi.