Kitako Kilichopinda cha Delmar Kratzer

Kaka wa mke wangu, Delmar Kratzer, alisambaza barua kwa gari miaka ishirini na tisa katika barabara za milimani kwetu Pennsylvania, na muda wote huo sikuwahi kumsikia akisema anaogopa kitu. Mbwa wakali walimjua kwa jina. Gari likiteleza kwenye barafu na kuingia mtaroni, alikuwa anashuka, anakula mkate wake, na kusubiri mwenye trekta apite.

Kazi ilimlisha, lakini roho yake ilikuwa kwenye mbao. Katika chumba cha chini ya nyumba, pembeni ya tanuri la kupasha joto, alichonga vitako vya bunduki. Bunduki yenyewe hakuigusa. Mtutu na mtambo wake vilitoka kiwandani. Yeye aliuvua ule mti wa kiwandani, ambao alisema umechongwa kumfaa mtu asiyekuwepo duniani, akatengeneza mwingine wa mjozi mweusi, ukamkaa mwenye bunduki kama kiatu cha kushonesha. Hakuwa anauza. Ukitaka kitako ulimletea mti mkavu, ukasubiri zamu yako mwaka au miwili.

Siku ya kupimwa alikusimamisha katikati ya chumba. "Fumba macho. Weka begani. Haya, fumbua." Ukikuta jicho lako linatazama juu ya mtutu moja kwa moja, aliitikia kwa kichwa na kuridhika. Ukikuta linatazama pembeni, aliweka alama kwa penseli, mti upunguzwe pale. Mimi aliponipima alinizunguka mara mbili.

"Shemeji," akasema, "Mungu alikunyima shingo. Itabidi na mimi niunyime mti huu shavu."

"Nyima tu. Mradi nisikose kulungu kama wewe mwaka jana."

"Yule sikumkosa. Nilimhurumia."

Kazi iliyomchukua muda mrefu kuliko zote ni kukalisha chuma ndani ya mti. Alikipaka chuma masizi yaliyochanganywa na mafuta, akakibonyeza kwenye mti, akakiinua. Palipobaki weusi ndipo palipogusa. Akapaparua kidogo kwa patasi, akapaka tena, akabonyeza tena. Mara mia mbili, mara mia tatu, mpaka unywele usiweze kupita kati ya chuma na mti.

Ilikuwa Oktoba ya mwaka elfu moja mia tisa tisini na sita, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na moja alikuwa anajichongea kitako chake mwenyewe. Akiwa ameinamia jiliwa lililoubana mti, aliona mmweko pembeni mwa jicho la kulia, kama radi ya mbali. Akageuka. Hapakuwa na kitu. Ukamweka tena. Halafu vikaanza kushuka vidoadoa vyeusi, vingi, polepole, kama masizi. Akadhani ni masizi kweli. Akapanda jikoni kunawa jicho kwa maji ya bomba. Vidoadoa vikaendelea kushuka, na alipofumba jicho viliendelea kushuka ndani ya giza.

Hapo ndipo woga ulipomshika. Baba yao, Mzee Kratzer, alipofuka akiwa na miaka sitini na moja, jicho moja kwanza, la pili mwaka uliofuata. Miaka tisa ya mwisho alikaa kwenye kiti karibu na dirisha la jikoni, uso ameuelekeza nje, akiwauliza watu theluji imefika wapi. Delmar ndiye aliyekuwa anamnyoa. Sasa yeye mwenyewe alikuwa na miaka hamsini na tisa.

Hakumwambia mtu. Mkewe, Bernice, alimwona anakula kichwa ameinamisha upande, akamuuliza kama shingo inamuuma. "Nimelala vibaya," akajibu. Siku ya pili, kwenye jicho lile, kilitokea kivuli chini, kama maji yanayopanda ndani ya ndoo. Siku ya tatu kikafika nusu. Alikuwa anaendesha gari na kugawa barua hivyohivyo, huku akijiambia kwamba kesho kitashuka. Baadaye aliniambia kwamba siku hizo tatu mikono ilikuwa ya baridi wakati wote, hata akishika kikombe cha kahawa ya moto.

Siku ya nne, saa nne asubuhi, alisogea kwenye sanduku la barua la Bibi Eshleman, ajuza wa miaka themanini na mbili anayeishi peke yake karibu na daraja. Alisikia kishindo. Sanduku likaruka na nguzo yake. Aliposhuka alimkuta Bibi Eshleman amesimama upande wa pili wa nguzo iliyovunjika, na sweta lake, na barua mkononi ambayo alitaka kumpa. Kati ya ajuza yule na bampa hapakuwa na hatua moja.

"Delmar," bibi akasema, "hukuniona? Nilikupungia."

Alikaa chini kwenye nyasi, akatapika.

Kutoka pale alikuja kwangu kwa miguu, kilomita tatu, gari la posta akaliacha na taa zikimweka. Nilikuwa napasua kuni. Aliegemea lundo la kuni, na uso wake ulikuwa na rangi ya jivu.

"Shemeji, nipeleke hospitali. Jicho limekufa."

"Limekufa tangu lini?"

"Jumatatu."

"Leo Alhamisi, Delmar!"

"Najua leo ni siku gani. Washa gari."

Tuliendesha saa moja na nusu. Njiani alikuwa anafunika jicho la kushoto kwa kiganja, anafunua, anafunika tena. Nilimwomba aache. Hakuacha.

Daktari wa macho alikuwa mama mmoja mwembamba, Daktari Ramaswami, na hakuzungusha maneno. Utando wa nyuma ya jicho ulikuwa umechanika na kubanduka, kama karatasi ya ukutani katika nyumba yenye unyevu. Atampasua jioni hiyohiyo. Ataweka kiputo cha hewa ndani ya jicho ili kiushikize utando mahali pake, na kwa kuwa hewa hupanda juu, mgonjwa lazima akae uso chini. Akila, uso chini. Akilala, uso chini. Wiki mbili.

"Na la kushoto?" Delmar akauliza.

Daktari alilichunguza kwa muda mrefu. "Lina sehemu nyembamba. Kwa sasa limekaa. Ukiona mmweko humo, usinawe uso, usilale kwanza. Unakuja. Hata kama ni Krismasi."

Wiki zile mbili sijui kama kuna aliyezisahau. Bernice alikodi kiti maalumu chenye tundu la kuwekea uso, kama kile cha wakandaji, wakakiweka sebuleni. Delmar akawa anatazama zulia tu. Ukitaka kuongea naye uso kwa uso ilibidi ulale chali sakafuni, kichwa chini ya tundu. Tulilala sote: mke wangu Verna, mchungaji wa kanisa na tai yake, na Orville Snook wa kambi yetu ya uwindaji, mwenye tumbo kubwa, ambaye akishalala ilibidi tumwinue watu wawili.

"Delmar, ukitema mate nakufa mimi," Orville alimwambia.

"Basi usifungue mdomo."

Mbele za watu alikuwa anatania hivyo. Mchana mmoja Bernice alienda dukani, nikabaki naye peke yangu. Nililala sakafuni nikamtazama juu. Jicho la kulia lilikuwa limefunikwa bandeji, na la kushoto lilikuwa linanitazama bila kupepesa. Machozi yalikuwa yanadondoka, yakaniangukia kwenye paji la uso.

"Shemeji, naogopa," akasema. "Naogopa mpaka tumbo linaniuma. Kila ninapopepesa nasubiri ule mmweko kwenye hili. Bernice akizima taa nahesabu, nikidhani haziwaki tena. Nitakaa dirishani kama Baba. Nani ataninyoa?"

Nilimwambia nitamnyoa mimi.

"Wewe? Utanikata koo." Akajaribu kucheka, ikageuka kilio, nami nikabaki pale chini nimemshika kifundo cha mguu, maana ndicho nilichoweza kukifikia.

Siku iliyofuata aliomba aletewe kile kitako alichokuwa anakichonga. Bernice aligombana naye. "Unataka ujikate vidole sasa? Macho hayakutoshi?" Delmar akamwahidi hatashika patasi. Nikamwekea mapajani, akawa anakipapasa saa nzima, kidole gumba kikipita kwenye shavu la mti, pale uso unapolazwa, kwenye shingo yake, kwenye tundu la kukalishia chuma. Kisha akatushangaza. Akasema shavu limezidi upande wa kushoto kwa unene wa karatasi. Nikachukua kipimo chake cha unene. Alikuwa sawa.

Kiputo kilipokwisha, utando ulikuwa umeshika, lakini ulikuwa umechelewa. Kwa jicho la kulia aliona mwanga na vivuli pembeni. Katikati palikuwa na ukungu. Daktari Ramaswami hakumlaumu. Alisema tu kwamba siku tatu ni nyingi kwa jicho. Delmar aliinamisha kichwa kama mtoto wa shule.

Posta walimstaafisha. Msimu wa kulungu dume ulipofunguliwa, baada ya sikukuu ya Shukrani ya mwisho wa Novemba, shule zikafungwa kama kila mwaka na mji mzima ukapanda milimani. Yeye alibaki nyumbani, na mlango wa chumba cha chini ukabaki umefungwa. Novemba, Desemba, Januari. Alikuwa anaogopa vumbi, anaogopa kuinama, anaogopa hata kupiga chafya. Bernice alimwambia Verna kwamba kila asubuhi anamkuta kitandani ameketi, jicho moja amelifunika, akisoma kwa sauti maandishi ya chupa ya dawa.

Orville ndiye aliyemtoa. Alikuja Februari na gogo la mjozi kutoka panda ya mti, mahali tawi linapoachana na shina, nyuzi zake zimepinda kama mto. Akaliangusha mezani jikoni.

"Bega la kulia zima?" akauliza.

"Zima."

"Jicho la kushoto zima?"

"Kwa leo."

"Bega huwezi kulibadilisha uzeeni, basi chonga kitako kilichopinda. Kitoke bega hili kiende jicho lile. Babu yangu alimwona mtu nacho."

"Nitaonekana kituko."

"Umeonekana kituko miaka sitini, hatujasema kitu."

Ni kazi ngumu. Mti wa nyuzi zilizonyooka, ukiukata kwa mpindo huo, utavunjika shingoni risasi ya kwanza. Lazima nyuzi zenyewe ziwe zimepinda. Delmar aliligeuza lile gogo siku tatu kabla ya kuweka alama ya penseli. Halafu akafungua mlango, akashuka, mkono kwenye ukuta.

Alifanya kazi polepole, zaidi kwa vidole kuliko kwa jicho. Machi, theluji ikiwa bado imetanda, nilikuwa nimeketi juu ya ndoo nikimtazama akipiga tupa. Ghafla akasimama. Tupa ikaanguka. Akashika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

"La kushoto," akasema.

"Nini?"

"Limemweka. Shemeji, limemweka. La kushoto!"

Hakunawa uso. Tulipanda ngazi bila makoti. Bernice alituona akaelewa, akachukua funguo. Barabara ilikuwa na barafu na theluji ilikuwa inaanguka, na mimi nilitamani kukanyaga mafuta na sikuthubutu. Delmar alikaa katikati yetu, macho wazi, akitaja kila alichokiona. "Ghala la Hostetter. Lori la maziwa. Kanisa. Kanisa lina mnara. Bernice, una hereni za bluu." Bernice alijibu kila mara, "Ndiyo, mume wangu. Ndiyo, ni bluu." Kuna mahali gari liliteleza na kugeuka nusu barabarani, na hata hapo hakunyamaza: "Nguzo. Mti wa msonobari. Bango."

Daktari Ramaswami alikuta tundu moja dogo, na utando ukiwa bado haujabanduka. Alilizungushia mwanga wa leza kama mtu anayeshona pindo la nguo. Ilichukua chini ya nusu saa.

"Umekuja baada ya muda gani?" akamuuliza.

"Saa mbili."

"Vizuri sana, Bwana Kratzer. Hili utaendelea kuwa nalo."

Tulitoka hadi kwenye maegesho. Delmar alijishikilia kwenye kioo cha gari, akalia kwa nguvu, watu wakipita na kujifanya hawaoni. Bernice alimkumbatia kwa nyuma, shavu lake likiwa mgongoni kwake, theluji ikiwaangukia wote wawili. Mimi nilikwenda kununua kahawa ambayo hakuna aliyeinywa.

Kitako kilikwisha Agosti. Kinatisha kukitazama: bunduki inaonekana kama imegongwa na gari. Kambini walikipokezana na kucheka mpaka Orville akakohoa. Lakini daktari alikuwa amemruhusu apige, na siku ya tatu ya msimu wa kulungu jike, Desemba, mimi nikiwa hatua kumi kutoka kwake, alitokea kulungu jike kwenye vichaka. Delmar aliinua bunduki. Niliuona mtutu ukitetemeka kama fimbo ndani ya maji ya mto. Akashusha. Akapumua. Akainua tena, akapiga, jike akaanguka palepale. Hakushangilia. Cha kwanza alichofanya ni kutazama huku na huku, mti, jabali, mimi, mpaka akahakikisha kila kitu bado kipo.

Tangu hapo amechonga vitako vinne vya aina hiyo, kwa watu wenye jicho moja waliosikia habari zake, mmoja alitoka mbali, kule Ohio. Woga haukumtoka, na haangaiki tena kuuficha. Akiwa chini anafanya kazi, Bernice huacha mlango wa ngazi wazi, na kila baada ya muda humwita kutoka jikoni.

"Delmar! Unaona?"

"Naona!"

Asipojibu mara moja, Bernice hushuka mbio, unga ukiwa bado mikononi.