Ua Ambalo Mama Alikataa Kulikata

Nyumba yetu katika kambi ya polisi ya Naguru, Kampala, ilinukia udongo uliolowa. Nyumba nyingine za polisi zilinukia makaa, samaki mkavu na dawa ya viatu, kwa kuwa kila asubuhi kulikuwa na buti za kung'arisha, lakini aliyeingia kwetu alipokewa kwanza na unyevu, magome mabichi ya miti na majani yaliyokuwa yakioza taratibu ndani ya ndoo nyuma ya mlango. Mama alikuwa akifuga mimea. Nasema kufuga kwa sababu hakuipanda kama majirani walivyopanda mchicha na mahindi pembeni mwa nyumba zao. Aliilisha, aliinywesha, aliihamisha kutoka kivulini hadi kwenye mwanga na kuirudisha tena, na mmojawapo aliukinga jua kwa mwavuli wa baba, huku baba mwenyewe akienda kazini na mvua ikimnyeshea. Baba alipiga tarumbeta katika bendi ya polisi. Alikuwa Mwislamu wa Arua, mtu mpole asiyependa ugomvi, na mama alikuwa Mkatoliki wa upande wa Nebbi. Nyumbani tulizungumza Kiswahili cha kambini, kile kisichojali ngeli wala kanuni, na kilitutosha kwa mapenzi na kwa kugombana.

Kibaraza cha nyuma kilikuwa msitu mdogo. Kulikuwa na okidi zilizofungwa kwa kamba kwenye vipande vya magome, zikining'inia bila udongo wowote, mizizi yao ikielea hewani kama vidole vya mtu anayepapasa gizani. Kulikuwa na mmea wa majani mapana yaliyotobokatoboka, ambao wageni walidhani umeliwa na wadudu, na mwingine ulioota majani mfano wa pembe za swala. Yote hiyo ilikaa katika makopo ya mafuta ya kupikia, masufuria yaliyotoboka na helmeti moja kuukuu ambayo baba aliomba kila mara isionekane na wakubwa wake. Mimi nilikuwa nikipita katikati ya makopo hayo kila nikitoka shule, nikiangalia ni nani ameongeza jani na ni nani amenyong'onyea.

Mimea mingi aliileta Baba Bahati, mkimbizi kutoka mashariki ya Kongo aliyeishi Namuwongo karibu na reli na kutembeza vitenge. Ndani ya mzigo wake, katikati ya nguo, alikuwa akificha vitu alivyovipata kwa wenzake waliovuka mpaka: mzizi uliofungwa kwenye kitambaa chenye maji, kikonyo, kipande cha gome chenye kitu cha kijani kimeng'ang'ania. Mama alimlipa kwa sukari. Zile zilikuwa nyakati ambazo sukari ilikuwa imepotea madukani, na tuliipata kidogo kwa mgao wa polisi. Baba aliona kikombe cha sukari kikitoka nje ya mlango na kikopo cha majani kikiingia, akatikisa kichwa. "Sasa sisi nakunywa chai ya kavu," alisema, "juu ya majani ya Kongo." Mama alicheka tu, akamjazia kikombe chake chai ileile isiyo na sukari.

Siku moja, kabla sijaanza shule, Baba Bahati alileta kiazi kikubwa cha mviringo, kizito, chenye ngozi kama ya mguu wa tembo. Alisema ni ndugu wa majimbi, ila hakiliwi. "Mama Rashida, hiki ukipande na ungoje," alisema. "Siku kitatoa ua, mutakimbia nyumba yote!" Akacheka mpaka akashika mbavu, wala hakutaka kutuambia zaidi. Mama alikipanda kwenye ndoo. Mwaka ule kilitoa jani moja tu, kubwa, kwenye bua lenye madoa kama chatu, kisha likanyauka. Mwaka uliofuata vilevile. Nilimuuliza mama kwa nini jani linakufa wakati linapata maji. Akaniambia halijafa, limerudi chini kupika chakula chake. Nikauliza, linapika kwa moto gani? Mama hakuchoka na maswali yangu. Aliyoyajua alinijibu, na asiyoyajua aliyabeba mpaka siku Baba Bahati alipokuja, akamuuliza yeye.

Lakini kulikuwa na mpaka, nami niliujua. "Ya mimea uliza mpaka ulale," mama aliniambia. "Ya watu, hapana." Aliniambia hivyo mwaka ambao Baba Atim alipotea. Baba Atim alikuwa dereva wa polisi, jirani yetu wa nyumba chache kutoka kwetu, na binti yake Atim nilikuwa nikiruka naye kamba. Asubuhi moja wanaume waliovaa kiraia walimwita kutoka kazini, akaingia kwenye gari lao, na hakurudi. Kofia yake ilibaki kazini kwake juu ya msumari. Hakuna aliyeuliza. Wanawake waliokuwa wakikaa na mkewe kwenye bomba la maji walianza kumsalimu upesiupesi na kuinua ndoo zao kabla hazijajaa. Haikuwa roho mbaya. Kila mtu alikuwa na mume, na kila mume alikuwa na kazi, na angeweza kuitwa kutoka huko. Hata mama, ambaye lugha yake na ya Mama Atim zilikuwa ndugu, alikuwa akimpelekea chakula kwa mkono wangu na kuniambia niweke mlangoni nirudi.

Mwisho wa kiangazi kimoja, udongo wa ile ndoo ulipasuka, na badala ya jani likatoka kitu kama ncha ya mkuki. Mama aliniita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. "Rashida! Kuja uone, kuja haraka!" Kila siku kilikuwa kirefu zaidi. Kilifika kwenye goti langu, kikapita, kikawa kinatafuta kiuno. Halafu alasiri moja kikafunguka mbele ya macho yetu, polepole kama mtu anayevua shuka: jani moja pana lililojikunja mithili ya kola, rangi ya ini bichi, na katikati yake kidole kirefu cheusi kilichosimama wima. Halikufanana na ua lolote nililowahi kuchora shuleni. Niliweka mkono kwenye kile kidole nikashtuka. Kilikuwa cha moto. "Mama, lina homa!" nilisema. Mama naye akaweka mkono wake karibu na wangu, na tukatazamana kama watu waliogundua siri ya mtu mkubwa.

Ndipo harufu ilipoanza. Sitaki kuipamba. Ilikuwa harufu ya nyama iliyosahauliwa juani, nzito na yenye utamu mbaya ndani yake, na ilipita chini ya milango. Baba alirudi kutoka mazoezi ya bendi, akasimama kizingitini na tarumbeta mkononi. "Nani amekufa hapa?" aliuliza kwa mzaha, kama mtu yeyote angeuliza. Kisha akasikia maneno yake mwenyewe, akafunga mlango nyuma yake.

"Ni ua tu," mama alisema.

"Mimi najua ni ua. Wale nje najua?"

Alitaka likatwe saa ileile na kuzikwa. Mama alikataa. Sikuwahi kumwona akimkatalia baba kitu kwa namna ile, bila kupandisha sauti. "Hiki kitu kimetoka mbali," alisema. "Kimekaa chini ya udongo miaka yote, leo kimetoka. Mimi nikikate juu ya maneno ya watu?" Baba alikaa kitandani akajishika kichwa. Kesho yake asubuhi, nilipokwenda kuchota maji, wanawake waliacha kuzungumza. Madirisha ya majirani yalikuwa yamefungwa wakati wa joto. Kila mmoja alikuwa amekwisha kuamua ni kitu gani kinachooza nyumbani kwetu, na hakuna aliyekuja kuuliza.

Waliokuja walikuwa wanajeshi. Gari lao lilisimama mbele ya mlango wetu kabla ya mchana, wakashuka sajini mmoja mnene na kijana mwenye bunduki. Baba alikuwa kazini. Mama alijifuta mikono kwenye kitenge akatoka, nami nikashika pindo lake.

"Watu nasema hapa kuna maiti," sajini alisema. "Iko wapi?"

"Hakuna maiti, afande. Kuna ua."

"Ua? Wewe nafikiri mimi ni mtoto?"

Yule kijana aliingia. Tulimsikia akisukuma kitanda na kuangusha masanduku. Alipofika kibarazani alianza kuchoma udongo wa ndoo kwa kisu cha bunduki, moja baada ya nyingine, na okidi zikaanguka chini. Mama alizitazama zikianguka. Alimpeleka sajini mpaka kwenye lile ua. Nzi walikuwa wamelifunika. Sajini aliziba pua kwa leso, akainama, akaligusa kwa fimbo yake, akaiondoa leso kidogo ili ahakikishe, kisha akaruka nyuma akikohoa na kutema mate.

"Nakula hii?" aliuliza alipopata pumzi.

"Hapana, afande."

"Nauza?"

"Hapana."

"Sasa ya nini?"

Mama alifikiri. Niliona kwamba alikuwa akitafuta jibu la kweli, si jibu la kumwokoa. "Ya kuangalia," alisema.

Sajini alimkazia macho. Macho yale yalinitisha kuliko bunduki, kwa sababu sikujua mambo yataangukia upande gani. Kisha tumbo lake likaanza kutikisika, akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Ya kuangalia!" alimwambia yule kijana, ambaye hakucheka. "Mwanamke hii nafuga uvundo ya kuangalia!" Waliondoka akiwa bado anacheka, na nje watu waliokuwa wamesimama kando ya uzio walicheka pia, kwa nguvu kupita kiasi, kama wanavyocheka watu waliokuwa wameshikilia pumzi.

Pale nje mtu mmoja hakucheka. Mama Atim alikuwa amesimama peke yake karibu na bomba, amevaa gauni lake la kanisani. Wengine walipotawanyika, yeye alikuja mlangoni kwetu. Alizungumza na mama kwa lugha zao zile zilizo ndugu, nami nilifuata karibu yote.

"Naomba na mimi nione," alisema.

Mama alimshika mkono akampitisha katikati ya makopo yaliyomwagika. Mama Atim alilitazama ua kwa muda mrefu bila kuziba pua. Akatazama nyuma ya ndoo. Akatazama ukutani.

"Ni hili tu?"

"Ni hili tu."

"Kwa nini linanuka hivi?"

"Linawaita nzi," mama alisema taratibu. "Linawadanganya kuna nyama, waje wabebe unga wake."

"Basi limenidanganya na mimi," Mama Atim alisema, akakaa chini juu ya udongo uliomwagika. Ndipo nilipoona alichobana kwapani. Ilikuwa shuka nyeupe, mpya, bado ina mikunjo ya sandukuni na harufu ya dawa ya nondo. Nilijua kabisa kwamba hili ni la watu, si la mimea, lakini swali lilikuwa limeshatoka.

"Mama Atim, shuka ni ya nini?"

Mama alinigeukia kwa hofu. Mama Atim akaniangalia, na uso wake ukalegea.

"Ya Baba Atim," alisema. "Nilikuja nimefurahi, mwanangu. Mungu anisamehe, nilipita pale njiani nimefurahi, nikijua leo nampata." Kisha akamwambia mama, "Unajua, tangu siku ile, huyu mtoto ndiye wa kwanza kuniuliza kitu."

Mama alikaa chini kando yake, palepale kwenye udongo. Alimshika mabega, akalia kabla yake. Halafu akamuuliza. Alimuuliza Baba Atim alivaa nini asubuhi ile, alisema nini alipotoka, alikuwa akipenda chakula gani, walikutana wapi. Mama Atim alijibu kila swali, na mara moja alicheka, aliposimulia jinsi mumewe alivyoendesha gari la mkubwa wake mpaka ndani ya shamba la viazi siku ya kwanza ya kazi. Baba aliporudi aliwakuta wamekaa hivyo, katikati ya uvundo na mizizi. Aliweka tarumbeta chini, akachemsha chai mwenyewe, akawapelekea.

Ua lilianguka lenyewe baada ya muda mfupi, na harufu ikaisha. Mama Atim alikuja kwetu karibu kila siku mpaka alipopata namna ya kurudi kwao kaskazini na binti yake. Baba Atim hakupatikana, wakati ule wala baadaye. Vita vilipofika Kampala mwishoni mwa utawala ule wa wanajeshi, nasi tulikimbia na kile tulichoweza kubeba, na mimea ya mama ikabaki. Hajui iliishia wapi. Amekuwa mzee sasa, tunaishi naye Kyebando, na anasema hakuwahi kusikitikia mmea hata mmoja kama alivyosikitikia ile miezi aliyokuwa akituma chakula kwa mkono wa mtoto.

Sisemi kwamba nchi yetu imepona kila kitu. Lakini majuzi kijana wa jirani yetu hakurudi nyumbani. Asubuhi mama yake alitoka barabarani akipiga kelele, na kabla chai haijapoa mtaa mzima ulikuwa unauliza. Wenye bodaboda waliuliza kituoni kwao, wauza chapati waliwauliza wateja, mtu alipiga simu redioni, wanawake walikwenda kituo cha polisi kwa pamoja wakakataa kuondoka. Mchana akapatikana kwa rafiki yake, amelala, mdomo unanuka pombe. Waliomtafuta walimleta wakimsukuma, na kila mtu akamtukana: mama yake, shangazi zake, muuza mkaa, hata watoto. Mama yangu aliomba nimtolee kiti nje. Tulikaa pale sisi wawili tukiyasikiliza matusi yale, na tulipoona yanakaribia kuisha, mama akaongeza la kwake.