Vidole vya Policarpia Ndani ya Jani la Nanasi

Policarpia hakuwahi kukaa darasani kusoma habari za mimea, lakini umuulize jani la nanasi lina nini ndani! Wanawake wote wa Balete, mji wa mkoa wa Aklan huko Ufilipino, walijua hivyo, na yeye mwenyewe alijua zaidi yao. Miaka hamsini na mbili alikuwa akikwangua majani, na maharusi wangapi wa Aklan wamevaa mashati yaliyotokana na nyuzi zake, hata hawahesabiki.

Sasa mtoto wa jicho akamwingia, macho yote mawili. Asubuhi moja Consorcia, mkuu wa kikundi cha wafumaji, akamwita Manang, yaani dada mkubwa, akamwambia mbele ya watu, "Manang, kuanzia leo wewe toa bastos tu. Liniwan atatoa wifi yangu, Rowena."

Loh! Liniwan ndizo nyuzi laini za chini, nguo ya heshima inatoka humo. Bastos ni zile nene za juu, na huko neno hilohilo ni mtu asiye na adabu. Wanawake wakaangua kicheko.

"Uzee wote huu, leo nimekuwa wa bastos?" Policarpia aling'aka. "Nifungeni kitambaa machoni. Nikikata uzi mmoja wa liniwan, hapa sikanyagi tena."

"Manang, usijitie kitanzi bure," Consorcia alimsihi.

"Funga, mwanangu, acha maneno."

Wakamfunga. Akalaza jani ubaoni, akalipapasa. Jani la nanasi si la mfenesi, mishipa yake haitawanyiki kama wavu. Yote inakwenda sambamba, kutoka shinani hadi nchani. Akashika kigae cha sahani, akakwangua ngozi ya juu yenye nta, kwaru, kwaru. Ukibonyeza kidogo tu kupita kiasi, unazikata na za chini, na Rowena alishaharibu majani kumi wiki hiyo. Mkono wa Policarpia ulijua pa kukoma. Akaziinua bastos kwa kucha, akazivuta zote mara moja, akazitupa kando kwa dharau.

Kisha akachukua kifuu, akakwangua nyama ya kijani iliyobaki, polepole, maji yakimchuruzika viganjani. Hakuna aliyecheka tena. Akachomoa kitu, akamnyooshea Consorcia.

"Haya, kagua."

Consorcia akainama, akakodoa macho. "Sioni kitu, Manang. Mkono mtupu huo."

"Gusa."

Akagusa. Alipitisha vidole kwenye nyuzi zile, nyembamba hata jicho halizioni, mwanzo hadi mwisho, asikute hata moja iliyokatika.

"Kumbe asiyeona ni nani?" Policarpia aliuliza, akifungua kitambaa. Kifua kilimjaa, jamani, wala hakuona haya.

Consorcia akashusha pumzi. "Rowena, sogeza kigoda chako. Kaa na Manang akufundishe liniwan."

"Akae," Policarpia akasema, akimkabidhi Rowena kile kitambaa. "Lakini kwanza ajifunge macho."