Sharti Nililolifuta kwenye Ratiba ya Wauguzi

Sina sababu nzuri ya kuusimulia mkasa huu, maana mjinga ndani yake ni mimi peke yangu, lakini kwa kuwa mtaa wetu wa Kamunyonge mzima wananiita Bwana Zamu, bora niuseme mwenyewe.

Ilikuwa miaka ile ya kupanga foleni ya sabuni. Nilikuwa nimerudi Musoma na shahada ya hesabu, na mganga mkuu wa hospitali moja (mgeni, mtu wa pwani) aliniahidi kazi ya kudumu kama ningetengeneza ratiba ya zamu itakayowatosha wauguzi wachache waliobaki, maana wengine walikuwa wamekwenda kuuza vitenge Bunda. Hesabu yenyewe si ngumu: unaandika masharti yote, kila wadi watu wangapi, nani apumzike lini, halafu unabadilisha majina hatua kwa hatua, kila hatua iwe nafuu kuliko iliyotangulia, mpaka hakuna tena cha kuboresha.

Metroni, mama mmoja wa kijiji cha Nyegina aliyepanga zamu kwa penseli tangu nikiwa shule ya msingi, alinitajia masharti yake. La mwisho: Magesa na Mama Nyamisi wasipangwe wadi moja.

“Kwa nini?” nikauliza.

“Hawakaagi pamoja.”

“Lakini sababu, mama?”

“Mwanangu, wewe andika tu.”

Mimi chuo kilinifundisha kutoandika tu. Nikalifuta, na palepale hesabu ikanyooka, zamu mbili zikaokolewa, nikajiona mtu.

Jumatatu asubuhi mganga mkuu akaleta wageni wa mkoani waione ratiba ikifanya kazi. Wadi ya wanaume tulimkuta Magesa nje, nyuma ya dirisha, trei ya kusafishia vidonda mkononi, uso kaugeuzia ukuta. Mama Nyamisi alikuwa veranda ya mbele, kajifunika khanga mpaka machoni. Ndani, wagonjwa kumi na wawili, muuguzi hakuna.

“Magesa, ingia kazini!”

“Daktari, nitaingiaje? Huyo ni mama mkwe wangu.”

(Alikuwa amemwoa binti yake. Hospitali nzima walijua, isipokuwa mganga mkuu na hesabu zangu. Na kwetu mtu na mama mkwe wake hawakutani chumba kimoja, hata kiwe na vitanda kumi na viwili.)

Ikabidi niwe mjumbe. Nikakimbia dirishani: “Mama anauliza, kitanda cha nne kimechomwa sindano?” Nikarudi verandani: “Mkweo anasema bado.” “Mwambie aingie yeye, mimi nitaondoka.” Dirishani tena: “Anasema ingia.” “Mwambie siwezi kumfukuza mama kazini kwake.”

Mzee wa kitanda cha nne akainua kichwa. “Kijana wa chuo kikuu, dripu yangu itaisha mkiwa kwenye heshima.”

Ilikuwa imebaki kidole kimoja, na mimi chupa ya dripu sijui hata inashikwaje. Ndipo metroni akaja, hakunitazama, akachomoa penseli kwenye nywele. “Magesa, nenda wadi ya watoto. Mama Nyamisi, ingia.” Basi. Muda wa kufunga kamba ya kiatu.

Chupa ikabadilishwa. Mgeni mmoja akauliza ratiba ile kaipanga nani.

“Kijana mmoja hivi,” alisema mganga mkuu, “alikuwa anapita tu.”

Ndivyo nilivyojua kwamba kazi sina.

Bado nauliza kila kitu, siwezi kudanganya. Ila nikiambiwa “wewe andika tu,” naandika kwanza, ndipo nauliza.