Siku Nilipooga Katika Zamu ya Ng'ombe wa Mama Sahra

Jamani, hii aibu nimeificha hata kwa mke wangu, lakini nyinyi ni wenzangu, chekeni tu mmalize.

Kazi yangu ni kutembea porini kuhesabu ndege. Siku hiyo nilikuwa nje ya Ijara, peke yangu, jua la saa sita limetulia juu ya nyika mpaka migunga inaonekana kuelea, nami natembea kama niliye usingizini, nikakuta kisima, na kando yake hori la udongo limejaa maji pomoni, mtu hakuna. Nikasema nitumbukize miguu tu. Miguu tu! Miguu ikapoa, mgongo nao ukadai haki yake, nikavua nguo (nilibaki na chupi, nisameheni) nikajilaza humo. Mara firigogo, wale ndege wa nyikani wanaofanana na njiwa, wakaanza kushuka kunywa upande wa pili, kundi baada ya kundi, wakiitana taratibu, nami nisiwashtue nikatulia tuli. Wallahi ilikuwa raha. Nikasahau kuhesabu, nikasahau hata jina langu, nikasinzia.

Kilichoniamsha ni pumzi ya ng'ombe shingoni. Nyuma yake kundi zima, mbavu nje, na Mama Sahra, yule yule aliyenikaribisha chai jana yake.

Ng'ombe akanusa maji, akarudi nyuma. Wa pili vile vile. Kumbe dawa ya mbu niliyojipaka asubuhi mwili mzima ilikuwa imetanda juu ya maji!

"Wewe mtu ya ndege!" akapiga kelele Mama Sahra. "Hiyo maji nimechota tangu alfajiri! Ng'ombe yangu haijakunywa siku ya tatu. Alasiri ni zamu ya watu wengine, mimi nangoja mpaka kesho kutwa. Hii ndama itangoja?"

Ndama alikuwa ameshalala chini. Nikasimama kuomba radhi, nikakumbuka nilivyovaa, nikakaa tena chubwi! Mama akageuza uso, akanirushia shuka yake ya maua.

"Jifunike. Halafu chota."

Nikamwaga yale maji, nikasugua hori kwa mchanga, nikavuta ndoo baada ya ndoo mpaka viganja vikachubuka, maua kiunoni, na hapo ndipo wenye zamu ya alasiri wakafika na ngamia wao. Mzee wao akanitazama weee, akauliza kwa Kiswahili, makusudi nisikie:

"Mama Sahra, huyu mfanyakazi umepata wapi?"

"Nimeokota ndani ya maji."

Walicheka mpaka wakakaa chini. Mzee akafuta machozi, akasema, "Zamu ni yetu, lakini wacha amalize."

Ndama alipokunywa nilitaka kulia. Tangu hapo, nikiona maji nyikani, hata joto liniue, sigusi hata kwa kidole kabla sijauliza: leo ni zamu ya nani?