Pini za Fundi Cherehani

Fundi cherehani yule wa Kamalondo, bingwa wa kushona abakosi, zile suti zisizovaliwa tai, hunyamaza wakati mmoja tu: pini zikiwa midomoni. Akizitoa huzichomeka kwenye kola yake, na hapo maneno humwagika kama mvua ya Januari. Siku moja alikwenda hospitali kutaka cheti cha daktari, ili mwanawe Yuma, asiyesema hata neno, apokelewe kwenye darasa la watoto kama yeye. Lakini kila mama daktari, Dokta Mujinga, alipomwonyesha mtoto picha aone kama anaelewa, baba alidakia.

“Iko kikombe! Anajua, Citoyenne Docteur. Anaogopa tu.”

“Baba, nauliza mutoto. Na kama anajua yote, ile darasa ni ya kazi gani?”

Baba akaomba radhi. Ikaja picha ya pili.

“Kuku!”

Dokta akaweka kalamu chini. Ndipo Yuma akampandia baba yake magotini, akachomoa pini kolani, moja moja, akazipanga kati ya midomo ya mzee. Kisha akashuka.

“Kuku iko wapi?” dokta akauliza. Yuma akagusa kuku pichani.

Cheti kikaandikwa. Baba akarudi Kamalondo akisalimia watu kwa kichwa, pini bado mdomoni, maana mwenye kuziweka hakuwa amezitoa.