Shamba Lisilo na Dafu

Mume wangu alipostaafu kazi ya bandarini aliingiwa na wazimu wa shamba. Akawa hana neno jingine: tutahamia Kwale, tutakula tunacholima, kisima chetu, kuku wetu, nazi zetu. Ili shamba lipatikane, iuzwe nyumba niliyoachiwa na mamangu Mji wa Kale. Hapo nikaanza kumtazama kwa jicho la pembeni, yeye na shamba lake.

Nilikwenda naye kuliona. Mwenye shamba alitupokea kwa maneno matamu mno, na kibaya chajitembeza. Nikaonja maji ya kisima, hayana chumvi. Nikafukua udongo kwa ncha ya kiatu, mweusi. Nikauliza habari za ngiri na nyani, akanijibu vizuri. Nilizidi kuudhika. Mume wangu alikuwa keshatangulia, anaihesabu minazi mpaka hesabu ikampotea.

Jua lilipofika utosini, yule bwana akamtuma mtu dukani atuletee soda. Soda! Mgeni amesimama chini ya minazi iliyojaa madafu, anapewa soda? Hata asiye na kitu hapa Pwani humwangulia mgeni dafu. Nikamwambia soda sinywi, nipe dafu. Akasema mkwezi hayupo.

Shamba la pili yake mama mmoja alikuwa akipalilia mihogo. Nikamwendea, tukaamkiana, tukaulizana hali na watoto, kisha nikamwomba dafu. Akamwita mumewe, naye akaja akakwea mnazi ulio katikati ya shamba tulilokuja kununua. Mwenye shamba akainamisha kichwa.

"Kunywa, dada, usione haya," yule mama akaniambia. "Ardhi ni ya bwana yule. Minazi ni yetu sisi, aliipanda babu ya mume wangu."

Nikanywa polepole, mume wangu akiniangalia. Mwenye shamba akasema hilo tungeambiwa siku ya kuandikiana.

Kwenye feri nilimcheka bila huruma. Mtu mzima, kazaliwa Pwani, anunue shamba asiulize minazi ni ya nani? Tulipofika mlangoni kwetu, nikatoa ufunguo.

"Na yule mnunuzi wa nyumba hii," akasema taratibu, "tungemwambia siku gani?"

Kuta ni zangu, lakini ardhi iliyo chini yake si yetu. Kila mwaka twailipia kodi kwa wenyewe, kama mama alivyokuwa akilipa. Mnunuzi, mgeni kutoka bara, alikuwa amekuja mara mbili. Sikutaka kuuza, lakini sifa za nyumba ya mama zilinishinda kuzizuia. Nilimwonyesha dari, nikamwonyesha nakshi za mlango, nikamkaribisha kahawa na halua. Habari ya ardhi haikunitoka mdomoni.

Nilisimama na ufunguo mkononi, nikaona haya kuingia.